Sura ya Saba: Nyasi Chini ya Dirisha

Daktari Yakub hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Inspekta Chemutai aliipenda tabia hiyo, ingawa siku hiyo haikumsaidia kitu.

"Nakuambia kile kile nilichokuambia Ijumaa," daktari alisema. "Figo za huyu mama zimesimama. Kilichozisimamisha sikijui."

Walikuwa kwenye ukumbi wa wodi ya figo, katika hospitali moja ya Kakamega, Jumapili saa nne asubuhi. Mawingu yalikuwa yameshuka mapema kuliko kawaida yake. Nyuma ya kioo, kwenye kitanda cha tatu, alilala Mama Navalayo, mjane wa miaka sitini na minane kutoka Lubao. Alikuwa na mrija mnene shingoni. Damu yake ilitoka, ikazunguka ndani ya mashine, ikarudi.

Alianguka Jumatano jioni nyumbani kwa bintiye, mtaa wa Amalemba. Ijumaa polisi walimkamata mkwe wake, Tevin, kwa tuhuma ya kumpa sumu. Kesho saa tatu asubuhi Tevin angesimamishwa mbele ya hakimu, na karatasi ya mashtaka ilikuwa inangoja sahihi moja tu, ya Chemutai.

Mkuu wake hakuona sababu ya kungoja. Tevin aliuza dawa za kuua magugu kwenye agrovet, duka la pembejeo za kilimo. Chupa ya dawa hiyo, ikiwa nusu, ilipatikana stoo ya nyumba yake. Siku mama mkwe alipofika, wiki tatu zilizopita, majirani walimsikia Tevin akimfokea mkewe: "Huyu mzazi arudi kwake! Hapa si mahali pake!" Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akimsalimia mama huyo wala akila naye. Na alipoulizwa kituoni ugomvi ulihusu nini, aliinamisha kichwa akasema mambo ya mama mkwe hayasemwi. Hata jina lake hakulitaja.

Kwa polisi wengi, kimya cha namna hiyo ni nusu ya kukiri. Chemutai alikuwa na miaka kumi na minne kazini. Alishaona watu wakinyamaza kwa sababu nyingi, nyingine za kipuuzi kabisa, na hakupenda kumfunga mtu kwa sababu ya mdomo uliofungwa.

"Nieleze kama unayemweleza mtoto," alimwambia daktari.

"Figo ni chujio. Damu inaingia, uchafu unatolewa, mkojo unashuka. Zikisimama ghafla, natazama mahali patatu. Kabla ya figo: pengine damu haifiki ya kutosha. Ndani ya figo: pengine chujio lenyewe limeharibika, na sumu ni mojawapo ya vinavyoliharibu. Baada ya figo: pengine njia ya mkojo imezibwa, mkojo unarudi nyuma."

"Imezibwa?"

"Hapana, tumempiga picha. Na figo zake ni za ukubwa wa kawaida. Ugonjwa wa miaka mingi huzifanya zinywee. Hili ni jambo la siku chache tu."

"Basi imebaki kabla, au ndani."

"Hizo mbili. Na ya kwanza ikikaa sana huzaa ya pili. Figo isipopata damu siku nyingi, mirija yake midogo inakufa."

"Na dawa ya magugu?"

"Damu tumeipeleka Nairobi, majibu ni wiki mbili. Lakini ile kali ninayoijua mimi huchoma mdomo na koo. Mdomo wake hauna kidonda. Umekauka tu." Daktari alivuta ngozi ya nyuma ya kiganja chake mwenyewe, akaiachia. "Alipoletwa nilimvuta hivi. Ngozi ikabaki imesimama kama hema."

"Maana yake nini?"

"Maana yake alikuwa amekaukiwa maji, Inspekta. Lakini mtu aliyelishwa sumu hutapika na kuharisha, na hilo pia linamkausha mtu. Ndiyo maana sikuthubutu kuliandika."

"Alitapika?"

"Binti yake anasema hapana."

Chemutai aliandika neno moja kwenye daftari, *kiu*, akalipigia mstari. Kisha akauliza swali alilokuwa akiliogopa.

"Ataishi?"

"Figo zikiamka, ataishi vizuri. Zisipoamka, ataishi kwa mashine." Daktari alitazama saa. "Njoo saa tisa, atakuwa macho. Usimchoshe."

Nyumba ya Tevin ilikuwa na vyumba vitatu, bati jipya, na ukuta wa mawe uliobanana na kuta za majirani pande zote. Sajini Makhanu alikuwa akimngoja nyuma ya nyumba. Alikuwa na furaha, na furaha ya Makhanu siku zote ilimtia Chemutai wasiwasi.

"Madam, kesi imeiva. Tazama hiyo nyasi."

Kakamega nyasi haihitaji kubembelezwa, mvua huinyeshea kila alasiri. Ua wote ulikuwa kijani. Lakini chini ya dirisha la chumba alicholala Mama Navalayo palikuwa na kiraka cha ukubwa wa ungo, kimekauka na kuwa rangi ya hudhurungi.

"Hapa ndipo alikuwa anajaribia dawa," Makhanu alisema. "Anapima nguvu yake. Halafu anamwekea mama kwa chai."

Chemutai alichutama. Alikaa hapo kwa muda, mpaka Makhanu akaanza kukohoa.

"Makhanu, kwenu mnapuliza dawa ya magugu?"

"Kwa mahindi tunapulizanga kila msimu."

"Mkishapuliza, sisimizi huja kula pale?"

Makhanu aliinama naye. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kutoka ukutani hadi katikati ya kile kiraka, wengine wakienda, wengine wakirudi, kila mmoja na mzigo wake. Chemutai aliokota kijiti akafukua kidogo. Chini ya nyasi, pale mapaa yalipozuia mvua, palikuwa na majani ya chai, tabaka juu ya tabaka, na utando mweupe wa maziwa yaliyokaukia.

"Nyasi hii haikuuawa na dawa," alisema. "Imeunguzwa. Kuna mtu amekuwa akimwaga chai ya moto hapa, yenye sukari, na si siku moja."

"Basi ni chai yenye sumu," Makhanu alijibu haraka. Hakutaka kuiachia kesi yake hivi hivi. "Mama ameonja, ameona uchungu, amemwaga nje."

"Siku ya kwanza, sawa. Na siku ya pili? Ya tatu? Mtu anaonja sumu siku zote hizi na hasemi?"

Hata hivyo hakulidharau wazo hilo. Mkuu wake angesema hivyo hivyo, na wakili wa serikali pia. Alikusanya majani ya chai kwenye bahasha, akaandika tarehe, akaingia ndani.

Beverlyne, binti wa Mama Navalayo na mke wa Tevin, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mama yuko wodini, mume yuko seli, na hakujua amlilie nani kwanza. Karibu naye, kwenye kochi, alikaa kaka yake mkubwa, Joash, mchuuzi wa ng'ombe wa soko la Lubao, mtu wa kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na mnada. Ni yeye aliyepiga ripoti polisi.

"Mmemwandika huyo muuaji?" Joash aliuliza kabla ya salamu.

"Nitakufikia," Chemutai alimjibu, akamgeukia Beverlyne. "Mama alikuja kufanya nini hapa?"

"Ni magoti, Madam. Yamemsumbua mwaka mzima. Nikasema akuje kwangu, kliniki ya mazoezi iko karibu. Alikataa kabisa. Akasema mama hawezi lala kwa nyumba ya mkwe. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, sisi tumeokoka."

"Na mumeo?"

"Naye alikataa. Ndiyo hiyo kelele watu walisikia." Alipangusa pua. "Lakini haikuwa chuki, Madam! Ilikuwa haya. Tangu mama aje, Tevin alikuwa anatokanga saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku, ndio wasipatane kwa mlango. Mimi ndio niliwashinda wote wawili."

"Mchana mama alikuwa anakunywa nini?"

"Namwachia chai thamosi moja, na maji jagi nzima. Nikirudi jioni zote ni tupu. Nilikuwa nafurahi, nasema mama anakunywa vizuri."

Chemutai hakusema kitu juu ya nyasi. "Dawa?"

Beverlyne alileta kikopo chenye aina mbili za vidonge. "Hizi ni za presha. Hii moja ni ya kukojoza, ya kupunguza maji mwilini. Nilikuwa namtolea kwa mkono wangu kila asubuhi. Hajawahi ruka."

Chemutai aliingia chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, Biblia ya Kiluhya juu ya meza, fimbo imeegemea ukutani. Aliinua mto. Chini yake palikuwa na karatasi ya gazeti iliyosokotwa, na ndani yake vidonge vya rangi ya waridi, visivyo na jina wala boksi. Alivipeleka sebuleni akaviweka mezani.

"Hizo sizijui," Beverlyne alisema.

Joash alijikuna shingo. "Ni zangu. Nilimletea mimi. Ni za magoti."

"Umezitoa wapi?"

"Sokoni, Lubao. Mimi mwenyewe nazimezanga za mgongo. Zinafanya kazi kuliko hiyo mafuta ya kliniki."

"Alimeza ngapi?"

"Mbili asubuhi, mbili jioni. Nikamwambia ikiuma sana aongeze."

"Na dada yako hukumwambia?"

"Angeanza maneno ya daktari." Sauti ya mnada ilikuwa imeshuka. "Kwani hizo ziko na shida gani? Mimi si niko hapa mzima?"

Chemutai alivipiga picha, akaituma kwa Daktari Yakub. Kisha akaenda kuangalia choo. Kilikuwa kimoja tu, ndani ya nyumba, pamoja na bafu. Kwenye rafu kulikuwa na wembe wa Tevin na taulo lake msumarini.

"Mama alikuwa anatumia hiki?"

Beverlyne alitikisa kichwa kama aliyeulizwa kitu cha aibu. "Hicho hawezi, Madam. Alikuwa anaenda kwa Mama Raisa, hapo tu nyuma ya ukuta. Tulipatana na Mama Raisa tangu siku ya kwanza."

"Ulimwona akienda?"

"Natoka saa kumi na mbili, narudi jioni. Hata Jumamosi tuko na darasa la mitihani." Akasita. "Sikuuliza. Mama mzima utamuuliza mambo ya choo?"

Mvua ilianza wakati Chemutai na Makhanu wakibisha geti la jirani. Mama Raisa, jina lake Kulthum, mzaliwa wa Mumias, aliwafungulia akiwa na kanga kichwani.

"Assalamu alaikum," Chemutai alisema.

"Waalaikum salaam. Ingieni barazani, msilowe. Kukhu, bibi yetu, anaendeleaje? Nimetoka kumwombea sasa hivi."

"Yuko hai. Mama Raisa, alikuwa akija hapa?"

"Wiki ya kwanza, kila siku. Asubuhi, mchana, jioni, pole pole na fimbo yake. Anatumia choo, halafu tunakaa hapa tunacheka. Na maji alikuwa anakunywa! Vikombe viwili, vitatu. Nikamuuliza, Kukhu, kwani kwa binti yako mfereji umekauka? Anacheka tu."

"Wiki ya kwanza. Na baadaye?"

"Baadaye hatukuwepo. Shemeji yangu, Abu, alifariki Mumias, Mungu amrehemu. Tulitoka Jumatatu alfajiri, tukakaa siku kumi, tumerudi hii Alhamisi. Nikakuta ameanguka jana yake."

Chemutai aligeuka kulitazama geti. "Geti mlifunga?"

"Na kufuli."

"Beverlyne mlimwambia?"

"Kifo kina notisi, mama? Nilimwambia Kukhu mwenyewe, hapo dirishani. Nikamwambia nikuachie ufunguo. Akakataa. Akasema nyumba ya watu haiingiwi wenyewe hawako. Akaniambia niende salama, yeye atapanga."

Walirudi hadi chini ya mapaa ya nyumba ya Tevin, wakasimama wakitazama maji yakibubujika.

"Sajini. Mama mkwe wako akija kwako, anaweza kutumia choo chako?"

Makhanu alishtuka kama aliyepigwa kofi. "Madam! Mahali mimi nakaa? Hapana. Hapana kabisa. Heri aende kichakani."

"Hata kwetu Likuyani wakwe huheshimiana. Lakini hata ukiwa hupo? Umetoka alfajiri, unarudi usiku?"

"Kuwepo sio hoja. Ni yangu. Ni kama kukaa uchi mbele yangu."

"Na hapa kichaka kiko wapi?"

Walizungusha macho. Ukuta, ukuta, ukuta, na kipande cha nyasi kinachoonekana kutoka madirisha ya nyumba nne.

"Basi mtu kama huyo, siku kumi, atafanya nini?"

Makhanu alivua kofia yake, akaipangusa ingawa haikuwa na maji. "Hatakunywa," alisema. "Mungu wangu. Hatakunywa. Na binti asijue, atamwaga."

Simu ya Chemutai iliita. Alikuwa Daktari Yakub, na safari hii sauti yake ilikuwa na hasira.

"Hivi vidonge nani alimpa?"

"Mwanawe."

"Nikiviangalia, hizi ni dawa kali za maumivu. Zinabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Dawa yake moja ya presha inapunguza msukumo ndani ya chujio. Ile nyingine inamtoa maji. Hata anayekunywa maji vizuri hastahili kuchanganyiwa hizo tatu. Asiyekunywa je?"

"Hakuwa anakunywa, daktari. Siku kumi."

"Basi ni kabla ya figo," Yakub alisema, "ikakaa mpaka ikaingia ndani. Wala haihitaji sumu. Lakini hakimu hataamua kwa sisimizi, Inspekta. Atataka mtu aseme kwa kinywa chake kwamba hakunywa, na kwa nini."

"Yupo mmoja anayejua."

Saa tisa na nusu Chemutai alivuta pazia kuzunguka kitanda cha tatu. Makhanu alibaki ukumbini bila kuambiwa, na Chemutai alimshukuru kimoyomoyo.

Mama Navalayo alikuwa macho. Uso wake ulikuwa umevimba, midomo imepasuka.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni polisi, Kukhu. Naitwa Chemutai, wa Likuyani."

"Polisi." Mama alilitafuna neno hilo. "Nimeiba nini?"

"Hujaiba. Nataka kujua kama chai ya Beverlyne ilikuwa mbaya."

Macho ya mama yaligeukia dari. "Ilikuwa nzuri. Nilikunywa."

"Yote?"

"Yote."

"Kukhu, nimeona chini ya dirisha."

Mashine iliguna karibu nao.

"Nikiandika kwamba ulikunywa, kesho Tevin anapelekwa kortini."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Jina la mkwe lilipotajwa, mama aliinua mkono wenye sindano akavuta shuka hadi kidevuni, kana kwamba Tevin mwenyewe ameingia wodini.

"Amefanya nini huyo mtoto?"

"Wanasema alikupa sumu. Yuko seli tangu Ijumaa."

"Sumu? Huyo hajawahi hata kunitazama machoni! Ni mkwe mzuri huyo. Nani amesema?"

Chemutai alifikiria kunyamaza, akaona haifai. "Ni Joash."

Mama alifumba macho. Machozi hayakutoka, pengine hakuwa na maji ya kuyatengeneza. Aliposema tena, alisema taratibu, akiwa amefumba macho hivyo hivyo.

"Siku ya kwanza nilisema Mama Raisa atarudi kesho. Sikurudi nyumbani kwangu kwa sababu Beverlyne angelia, halafu angemlaumu bwanake. Nyumba ya watoto ivunjike sababu ya choo? Nikatafuta mkebe wa mafuta ya kupikia. Usiku nautumia, asubuhi wakienda naumwaga kwa shimo la maji ya jikoni. Siku moja nilisikia mlango wa chumba chao unafunguka, na mimi niko na mkebe kwa mkono, nimesimama hapo kama mwizi. Huyo mkwe akapita nje. Hakuniona. Lakini nikajiambia, Navalayo, hii haitafanyika tena."

"Ukaacha kunywa."

"Nilikuwa nachukua kikombe kimoja asubuhi, ya kumeza dawa. Magoti yakiuma, naongeza zile za Joash."

"Na kiu?"

"Kiu mtu anavumilianga. Aibu inabaki na watoto."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya anayeficha mkebe, na Chemutai alijiuliza angefanya nini yeye katika chumba kile, na akachukia kwamba jibu lilikuwa wazi. Alifungua daftari.

"Nahitaji haya yaandikwe, Kukhu, na uweke kidole."

"Nitaweka. Lakini yeye asisomewe."

"Utaratibu unataka mshukiwa aelezwe kwa nini..."

"Asisomewe, mama." Mkono wenye sindano ulishika mrija wa shingoni. Haukuvuta, ulishika tu. "Kama atasikia hiyo habari ya mkebe, hii mashine ni ya nini?"

Ahadi hiyo Chemutai hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Aliitoa. Aliandika kwamba mgonjwa alikataa chai na maji kwa hiari yake kwa siku kumi na kuvimwaga dirishani, kwamba alimeza vidonge vya sokoni, na kwamba hakuna mtu aliyempa kitu chochote kibaya. Sababu akaiandika kwenye karatasi ya pili, ya mkuu wake na wakili wa serikali tu. Mama aliweka dole gumba kwenye zote mbili, kisha akapumua kama aliyetua mzigo.

"Sasa nipe maji, mama. Kikombe kikubwa. Hapa choo ni cha serikali."

Chemutai alimwita muuguzi. Muuguzi alitazama chati, akatikisa kichwa.

"Nusu lita kwa siku, shosho, na umeshamaliza. Figo hazitoi kitu. Ukinywa zaidi, maji yataenda kwa mapafu."

Alichovya pamba kwenye kikombe, akampaka midomoni. Mama aliinyonya ile pamba mpaka ikakauka, na Chemutai akatoka nje ya pazia kwa sababu hakuweza kutazama.

Mkuu wake alisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama. Alinung'unika kuhusu Jumapili yake, akaongea na wakili wa serikali kwa simu, akatia sahihi. Saa kumi na mbili jioni Tevin aliletwa kaunta. Alirudishiwa mkanda, simu na kamba za viatu. Alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini na moja, ndevu zimeota, macho chini.

"Umeachiliwa," Chemutai alimwambia. "Hakuna sumu."

"Nani amewaambia?"

"Yeye mwenyewe. Ameandikisha kwamba hakuna aliyempa kitu kibaya."

"Amepona?"

"Hapana. Figo zilikosa maji. Huenda zikaamka, huenda zisiamke. Kwa sasa itabidi akae karibu na mashine, na daktari anauliza nyumba ya karibu ni ya nani."

"Ni yangu," Tevin alisema. Kisha akakunja uso. "Zilikosa maji vipi? Kwangu mfereji haujawahi kukauka."

Chemutai aligeuza kitabu cha matukio, akaonyesha mahali pa kutia sahihi. Alijitahidi uso wake usiseme kitu.

Tevin alishika kalamu, lakini hakuandika. Midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo, kama mtu anayehesabu siku.

"Geti la kina Mama Raisa," alisema. "Nilikuwa naona kufuli. Kila asubuhi nikitoka, naona hiyo kufuli. Nikajiuliza huyo mzazi sasa anaenda wapi. Halafu nikajiambia hayo si maswali ya mimi kuuliza."

"Hakuna aliyekulaumu, Tevin."

"Hata Beverlyne sikumwambia. Ningemwambiaje?"

"Tia sahihi uende nyumbani."

Alitia sahihi. Aliketi kwenye benchi, akaanza kupitisha kamba kwenye matundu ya viatu.

"Afadhali mngepata sumu, Madam," alisema bila kuinua kichwa. "Sumu ningeikana."

Alifunga kiatu kimoja. Cha pili alikishika mkononi, na hakuinuka kwenye lile benchi mpaka Makhanu alipokuja kumwambia kwamba mkewe amefika, yuko nje, anamngoja.